Mtoto wa Miaka Miwili Hajamshinda Mama Yake

Wasomaji wapenzi, na hasa ninyi akina mama wenye watoto wadogo, mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo lililomo katika nyumba nyingi, ila halisemwi sana kwa kuwa mwenye nalo huona haya. Jambo hilo ni usumbufu wa mtoto mdogo, yule aliyekwisha kutambaa akajifunza kutembea, na sasa ana mwaka mmoja na nusu, au miwili, au anaelekea mitatu. Jana alikuwa mchanga mpole mgongoni. Leo ukimwambia njoo, anakwenda. Ukimwambia acha, anashika. Ukimnyima kitu, anajitupa chini na kupiga kelele hata majirani wakatoka nje.

Hapa Bulyaga, katika mji wetu wa Tukuyu, ni nani asiyepata kuliona? Siku ya soko, mvua imenyesha, njia ina matope. Mama ana mkungu wa ndizi kichwani na mtoto mchanga mgongoni, na yule mkubwa ameshika kanga yake. Mtoto ameona maandazi, ameyataka, amenyimwa; papo hapo analala matopeni na kupiga miguu. Watu husimama. Mmoja atasema, “Mtoto huyu hana adabu.” Mwingine atajibu kwa sauti ya kusikika, “Si mtoto, ni mamaye.”

Neno hilo la pili ndilo tutakalo kulitazama. Maana mtoto atanyamaza baada ya dakika chache, na jioni atakuwa amekwisha kusahau. Lakini mama atalichukua neno lile mpaka nyumbani, atalala nalo, na asubuhi ataamka nalo.

Nia yetu ni kuonyesha mambo mawili. La kwanza, ukaidi wa mtoto wa umri huu si ushahidi kwamba mama yake hajui kulea. La pili, moyo wa mama wa kujiamini ni chombo cha kazi, kama jembe la mkulima. Kikivunjika, kazi ya malezi huharibika, na apataye hasara ni mtoto. Basi amvunjaye mama moyo amemdhuru mtoto pia, ijapokuwa hakumgusa.

KWA NINI MTOTO HUKASIRIKA

Tuifikiri kwanza hali ya mtoto mwenyewe. Mtoto wa miaka miwili ana miguu ya kumpeleka apendako, ana mikono ya kushika atakacho, na ana nia yake mwenyewe, tena yenye nguvu. Lakini maneno yake ni machache. Anataka kusema, “Nalitaka kuvaa kiatu hiki mimi mwenyewe, nawe umenivika,” na kinywa hakiwezi, basi analia. Tena sehemu ile ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, imsaidiayo mtu kujizuia na kungoja na kufikiri kabla ya kutenda, kwake yeye bado ni changa mno. Wataalamu wamegundua ya kuwa sehemu hiyo huendelea kukomaa hata mtu apitapo umri wa miaka 20. Kumtaka mtoto wa miaka miwili aitulize hasira yake peke yake ni kama kumtwika mkungu mzima wa ndizi: shingo haijawa tayari.

Mwaka 1931 mwanamke mmoja mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota, huko Marekani, jina lake Florence Goodenough, alitoa kitabu juu ya hasira za watoto wadogo. Aliwaomba wazazi wenyewe waandike nyumbani kila mara mtoto alipokasirika: ilikuwa saa ngapi, sababu ilikuwa nini, na wao walifanya nini. Akaona ya kuwa hasira huzidi sana katika mwaka wa pili wa maisha, kisha hupungua kadiri mtoto akuavyo. Akaona tena ya kuwa huwa nyingi karibu na saa ya kula na saa ya kulala, na wakati mtoto asipokuwa na afya njema.

Watoto wale walikuwa mbali sana na Rungwe. Lakini mama wa Bulyaga akiyatazama mambo ya nyumbani mwake kwa siku tatu, huenda akaona mengi yanayofanana. Mtoto aliyekula uji alfajiri, mama akaenda shambani au kwenye majani ya chai na kurudi saa nane, hana ukaidi, ana njaa. Mtoto aliyekosa usingizi wa mchana kwa kuwa alichukuliwa sokoni, jioni hulia kwa kila kitu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 ya kuwa mtoto wa mwaka mmoja yampasa kulala saa 11 mpaka 14 kwa siku moja, pamoja na usingizi wa mchana, na mtoto wa miaka mitatu au minne saa 10 mpaka 13. Wangapi kati ya wale tuwaitao watukutu ni watoto waliochoka tu?

Kuna sababu nyingine pia. Miezi ya mvua na baridi ya kwetu humfungia mtoto ndani, naye ameumbwa kukimbia. Sikio likimuuma hawezi kusema, “Sikio linaniuma”; hulia na kukataa kula. Na akizaliwa mdogo wake, yule aliyekuwa peke yake mgongoni huona mahali pake pamechukuliwa. Huyo akimpiga mchanga au akirudia kukojoa kitandani, usidhani ameingiwa na roho mbaya. Anauliza kwa njia yake, “Je, mimi bado ni wako?”

Na katika siku hizi wengine humnyamazisha mtoto kwa kumpa simu atazame picha. Hunyamaza kweli, lakini simu ikiondolewa kilio huwa kikubwa kuliko cha kwanza, wala hakujifunza kutulia. Shirika lile lile lashauri ya kuwa mtoto wa mwaka mmoja asitazamishwe picha hizo kabisa, na wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku.

MOYO WA MAMA UKIVUNJIKA

Sasa tumtazame mama. Mara nyingi tumesikia maneno haya: “Mtoto huyu amenishinda.” Mama asemaye hivyo amekwisha kujaribu sana. Amebembeleza, amefoka, amepiga, ametisha kwa jina la baba, na kila njia ameiacha kabla haijazaa tunda. Mama mkwe amemwambia, “Watoto wangu hawakuwa hivi.” Mume amemwuliza, “Unashinda naye nyumbani siku nzima, wafanya nini?” Naye ameanza kusadiki ya kuwa kosa ni lake, na kwamba mama wengine wamepewa kipawa alichonyimwa yeye.

Mama wa namna hii huona njia mbili tu mbele yake. Njia ya kwanza ni fimbo. Hapigi kwa kuwa amefikiri. Hupiga kwa kuwa ameaibika na watu wanatazama. Njia ya pili ni kuacha. Akiombwa hutoa, akikaidiwa hunyamaza, mradi kelele ziishe. Kesho hubadili, leo fimbo kesho andazi, na mtoto hajui lipi ndilo neno la mama. Kwa kuwa hajui, hujaribu kila siku ili ajue, na kadiri ajaribuvyo, ndivyo mama azidivyo kusema, “Nimeshindwa.” Gurudumu hili huzunguka bila kikomo. Usumbufu wa mtoto humvunja mama moyo, na mama aliyevunjika moyo hulea kwa kubahatisha, na kulea kwa kubahatisha huzidisha usumbufu.

Gurudumu hili lizuiliwe wapi? Wengi husema, “Tumrekebishe mtoto.” Sisi twasema, tuanze na moyo wa mama, maana mama ni mtu mzima awezaye kubadili jambo kwa makusudi, na mtoto bado hawezi.

KUJIAMINI HUTOKA WAPI

Mwaka 1977 mtaalamu mmoja wa mambo ya nafsi, Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliandika juu ya imani aliyo nayo mtu ya kwamba aweza kuitenda kazi iliyo mbele yake. Alionyesha ya kuwa mtu hazaliwi na imani hiyo ikiwa imekamilika. Hujengwa, tena kwa njia nne. Yafaa mama azijue, maana zote zapatikana Bulyaga bila fedha.

Njia ya kwanza, iliyo na nguvu kuliko zote, ni kulifanya jambo likafaulu. Basi mama aliyekata tamaa asianze na jambo kubwa. Asiseme, “Tangu leo mtoto wangu hatalia tena.” Aanze na jambo dogo moja, kwa mfano kumnawisha mikono kabla ya chakula bila vita. Likifaulu siku nne, amepata ushahidi wake mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha kujiamini hujazwa vivyo hivyo.

Njia ya pili ni kumwona mwenzako aliye kama wewe akifaulu. Hapa kuna jambo la kufikiri kwa sisi watu wa Rungwe. Wataalamu wawili, Godfrey na Monica Wilson, walikaa katika nchi ya Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na mwaka 1951 Monica Wilson alitoa kitabu, “Good Company”, kilichoeleza desturi ya wazee wetu ya vijiji vya rika: vijana wa umri mmoja walijenga pamoja, wakaoa, wakakaa jirani. Haituhitaji tuseme ya kuwa zamani zilikuwa njema katika yote. Lakini mke kijana aliyekaa katika kijiji kama hicho alizungukwa na nyumba nyingine changa, zenye watoto wadogo kama wake. Aliona kwa macho ya kuwa mtoto wa jirani naye hulia, naye huuma, na ya kuwa baada ya mwaka ameacha. Leo desturi ile imekwisha. Mama wa Bulyaga aweza kuwa katika chumba cha kupanga, na mlango wake wafungwa jioni. Asikiapo kelele za mtoto wake tu, hudhani ni wake peke yake duniani. Basi akina mama watafutane, watatu au wanne, hata kisimani au wakati wa kungoja zamu kliniki, waulizane bila haya, “Wako akikataa kuoga, wewe wafanyaje?”

Njia ya tatu ni neno la kutiwa moyo na mtu unayemwamini. Na ya nne ni hali ya mwili na roho: mtu aliyechoka, mwenye njaa, au mwenye hofu, hujiona dhaifu hata kwa kazi aiwezayo. Kwa hiyo anayempokea mama mtoto saa moja ili alale, hakumpa usingizi tu; amemrudishia nguvu za kulea.

MAMA HUMJUA MTOTO WAKE

Tuvuke sasa mpaka tuende Uganda, maana huko kulifanywa uchunguzi ambao umesomwa na walimu wa malezi katika nchi nyingi. Mwaka 1954 Mary Ainsworth, mtaalamu kutoka ng'ambo, alifika Kampala pamoja na mumewe, aliyepata kazi katika taasisi ya uchunguzi wa mambo ya jamii ya Afrika Mashariki. Yeye, pamoja na mkalimani, akazitembelea nyumba za mama 26 Waganda wenye watoto wachanga 28, katika vijiji vilivyo karibu na mji. Aliketi nao sebuleni muda wa miezi mingi, akiuliza na kutazama. Kitabu chake, “Infancy in Uganda”, kilitolewa mwaka 1967.

Aliona nini? Aliona ya kuwa mtoto mwenye utulivu humfanya mama yake kuwa kituo chake. Hutambaa mbali naye, hutazama kitu kipya, kisha hurudi kumgusa, na tena huenda. Na aliona jambo la pili, nalo ndilo tutakalo kulishika. Wapo mama walioweza kueleza habari nyingi za watoto wao: alalavyo, apendacho, kinachomtisha, kilio chake cha njaa na kilio chake cha usingizi. Watoto wa mama hao kwa kawaida ndio waliokuwa na utulivu na tumaini kwa mama zao.

Hebu tazameni, akina mama. Kipimo chenyewe hakikuwa mali wala elimu kubwa. Kilikuwa kumjua mtoto na kumwitikia. Na ni nani amjuaye mtoto wako kama wewe? Mpita njia aliyemwona dakika mbili njiani hajui ya kuwa mtoto huyu aliamka usiku mara tatu kwa kikohozi. Wewe wajua. Ujuzi huo ndio mwanzo wa kujiamini kwako, usiutupe kwa sababu ya neno la mpita njia.

JUU YA FIMBO

Wengine watasema, “Wazee wetu walisema, Samaki mkunje angali mbichi, nasi tulipigwa tukakua.” Wengine hukimbilia kitabu cha Mithali na kutaja fimbo yake. Tunawajibu kwa upole. Samaki mbichi hukunjwa, wala hakupigwa. Mwenye kumpiga humponda. Na mchungaji mwema wa ng'ombe, kama walivyo wengi katika nchi yetu, hutumia fimbo kumwonyesha ndama njia. Hampigi ndama kwa kuwa hajui kutembea kama fahali.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 13, yakataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu ya kikatili. Tena yasema ya kuwa kumrudi mtoto hakuna haki ikiwa mtoto huyo, kwa ajili ya umri wake mdogo, hawezi kufahamu kusudi la kurudiwa. Mtoto wa miaka miwili yu katika maneno hayo. Akipigwa kwa sababu alilia, hafahamu ya kuwa kulia kulikuwa kosa. Hufahamu tu ya kuwa yule amkimbiliaye akiogopa ndiye sasa wa kuogopwa. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha ya kuwa karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walitendewa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kama kupiga kungekuwa dawa, nchi ingekuwa imekwisha kupona ukaidi.

Basi je, tumwache afanye apendavyo? La, hasha. Wazee walisema pia, Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii haitaji fimbo. Yasema, usiogope kilio cha mtoto. Ukimnyima andazi, alie; kaa karibu naye, wala usimpe andazi. Hapo umekuwa imara bila kuinua mkono, na mtoto amejifunza ya kuwa neno la mama ni moja.

MAMBO YA KUJARIBU NYUMBANI

Kwanza, ratiba. Chakula, usingizi na kuoga viwe karibu saa zile zile kila siku. Ukienda mbali, chukua kiazi cha kuchemsha au ndizi mbivu katika kikapu. Vilio vingi huzuiwa kabla havijaanza.

Pili, mwambie mapema. Usimnyakue mtoto kutoka mchezoni ghafula. Mwambie, “Tukimaliza kuanika nguo hizi, tutakwenda kuoga.” Yeye naye apate kujiweka tayari.

Tatu, mpe nafasi ya kuchagua katika mambo madogo. “Wataka ndizi au kiazi?” “Utavaa shati hili au lile?” Mtoto apewaye kuchagua mara kumi kwa siku hana haja kubwa ya kupigania mara ya kumi na moja.

Nne, hasira ikiisha kuanza, usibishane nayo. Hakikisha hawezi kujiumiza, wala hayuko karibu na moto au barabara. Inama ufikie kimo chake. Sema maneno machache kwa sauti ya chini: “Umekasirika. Ulitaka andazi. Leo hatununui.” Kisha ngoja. Ikiwa anakubali kushikwa, mshike. Ikiwa hakubali, kaa karibu. Ikiisha, mpokee, mfute uso, mwendelee na kazi. Usimkumbushe kutwa nzima.

Tano, akiuma au akipiga, mshughulikie kwanza yule aliyeumizwa, ili mwumaji asione kwamba kuuma kumemletea macho yote. Kisha mshike mkono mtoto wako, mtazame, umwambie, “Hapana. Kuuma kunaumiza.” Mwondoe mchezoni kwa muda mfupi. Usimwume nawe ili aonje. Utakuwa umemfundisha kuuma.

Sita, usikae kimya atendapo mema. Twasema “ndaga” kwa mtu aliyetushika mkono shambani. Mtoto aliyekuletea kijiko, au aliyemwachia mdogo wake mpira, naye asikie ndaga yake. Mtoto asiyetazamwa ila akikosa, atakosa ili atazamwe.

Usiyashike yote kwa siku moja. Chagua moja, ulishike majuma mawili. Yafaa ujue pia ya kuwa mtoto aliyezoea kupata kwa kulia, siku za kwanza unapokataa atalia zaidi ya zamani, maana anajaribu kama mlango umefungwa kweli. Wengi huacha siku ya tatu wakidhani njia ni mbaya, na kumbe ilikuwa imeanza kufaa.

NENO KWA WENGINE WA NYUMBANI

Ninyi akina baba, mkono mmoja haulei mwana. Desemba 2021, huko Dodoma, serikali yetu ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26. Nguzo zake tano ni afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na nafasi za kujifunza mapema. Katika hizo tano, ni ipi iliyo ya mama peke yake? Hakuna. Baba arudipo jioni ambebe mtoto nusu saa, asimulie naye, mama apate kupika kwa amani. Tena asimkosoe mama mbele ya mtoto. Akiwa na neno, amwambie faraghani, na kwanza ataje jambo jema aliloliona. Wala mama asimfanye baba kuwa jinamizi la kutishia.

Ninyi bibi zetu, ujuzi wenu ni hazina. Lakini mkisema, “Watoto wangu hawakuwa hivi,” pengine mmesahau, kwa kuwa miaka ni mingi na Mungu ametupa kusahau vilio na kukumbuka vicheko. Afadhali mseme, “Baba yake naye alikuwa hivi hivi, akapona.” Mkwe atacheka, na mzigo wake utapungua nusu.

Nanyi majirani, mkimwona mama njiani na mtoto amelala chini, msisimame kutazama. Mshikieni kikapu. Mwambieni, “Pole, Mama Fulani, umri huo hupita.” Maneno hayo ni machache, lakini mama atayachukua nyumbani kama vile angeliyachukua yale ya dharau.

WAKATI WA KWENDA KLINIKI

Hata hivyo si kila jambo hupita lenyewe. Mchukue mtoto kliniki, ukachukue na kadi yake, ikiwa ametimiza miaka miwili wala haunganishi maneno mawili. Ikiwa hageuki umwitapo, au haonyeshi kitu kwa kidole. Ikiwa alijua kusema au kutembea kisha akapoteza ujuzi huo. Ikiwa hasira zake ni za muda mrefu, nyingi kila siku, na hujiumiza. Au ikiwa amekonda, hana hamu ya kula, wala hachezi. Pengine ni masikio, au minyoo, au upungufu wa damu, au kukua kwake kwahitaji msaada wa pekee. Kuuliza mapema si aibu. Wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto wapo kwa kazi hiyo, na jambo likizidi watawapeleka hospitali ya wilaya.

Na wewe mama, jitazame nafsi yako pia. Ikiwa kwa majuma mawili na zaidi huna furaha na kitu chochote, walia bila sababu, hulali hata mtoto alalapo, au waona afadhali usingekuwapo, huo si uvivu wala si upungufu wa imani. Ni ugonjwa unaowapata mama wengi baada ya kuzaa, na unatibika. Mwambie muuguzi leo, usingoje siku ya kupima uzito wa mtoto.

Wasomaji wapenzi, tumesema marefu, lakini jambo lenyewe ni moja. Mtoto wa miaka miwili hamshindi mama yake. Bado anajifunza kuwa mtu, na mama bado anajifunza kuwa mama wa mtoto huyu, maana mama wa watoto wanne hujifunza mara nne. Wote wawili wahitaji muda, na wote wawili wahitaji watu wa kuwatazama kwa wema. Mwezi huu basi, kila mama achague jambo dogo moja alitende mpaka lifaulu. Na kila mmoja wetu asiye na mtoto mdogo amtafute mama mmoja aliye naye, amwambie jambo jema aliloliona katika malezi yake, tena la kweli. Halitatugharimu hata senti moja, na mtoto ndiye atakayelipata faida.